Lednice au Valtice: uanze na kasri lipi?

Makasri haya mawili ya Moravia ya kusini, Ucheki, yametengana kwa kilomita 7 hivi tu. Yote yalikuwa ya ukoo wa Liechtenstein mpaka mali yao ilipotaifishwa mwaka 1945.

Valtice ndiyo iliyokuwa makao makuu: jengo la Baroki (mtindo wa fahari wa Ulaya wa karne ya 17 na 18), zito, la kumkumbusha mgeni nani bwana. Mji wenyewe ulikuwa sehemu ya Austria hadi 1920. Chini ya kasri kuna maghala ya mvinyo, na kwa wengi hilo latosha kuwa sababu ya kwenda.

Lednice ilikuwa ya kiangazi, na hapo ndipo pesa zilipochezewa. Kati ya 1846 na 1858 kasri lilivalishwa upya mtindo wa Gothiki mamboleo, yaani wa kufufua ujenzi wa Ulaya ya enzi za kati, kwa kuiga Uingereza. Ingia maktaba uitazame ngazi ya mwaloni inayopanda kwa kujizungusha: imenakshiwa majani na maua kila pembe, hata unaona haya kushika mkono wake. Ubavuni kuna banda la mimea la chuma na vioo, urefu wa mita 92. Kisha bustanini, ajabu zaidi: mnara wa msikiti wa mita 60, uliokamilika 1804, usio na msikiti wala mwadhini. Pambo tu!

Mimi ningeanza Lednice asubuhi, miguu ikiwa bado na nguvu. Mnara una ngazi 302. Valtice ingesubiri jioni, na mvinyo wake.