Ofisi za kuhamishia wageni Unguja: nyumba wanaijua, kibali msiwape

Naona watu wengi wa kwetu Mombasa na hata Nairobi wanauliza kuhusu hizi ofisi za mjini Unguja zinazosema zitakuhamisha kila kitu, nyumba, vibali, gari ya kukupokea, wewe njoo na begi lako tu. Mimi nilitumia moja nilipopata kazi ya jikoni kwenye hoteli huko Paje, pwani ya mashariki, kwa hivyo naandika vile nilivyoona. Jina lao siliweki maana kuna pesa yangu bado tunaongea nao, na pia hizi ofisi huduma zao zinakaribiana sana.

Kwa nyumba nawapa nyota nne. Kwa kibali moja.

Nianze na nyumba maana hapo kusema kweli walinifaa. Kabla sijatoka Mombasa walinitumia video za nyumba, kuna ya Fuoni, ya Mwanakwerekwe na ya Jambiani, alafu kijana wao akanipigia akanieleza bila kunizungusha. Akasema Fuoni utapata kwa bei nzuri na uko karibu na mjini, lakini kutoka mjini hadi Paje ni kama kilomita 50 na daladala inasimama kila mahali, sasa ukipangiwa shifti ya asubuhi utafika saa ngapi, na ukitoka usiku jikoni gari hupati, utakuwa unalipa bodaboda mpaka mshahara uishe. Jambiani ni karibu na kazi na daladala ya 309 iko ukitaka kwenda mjini siku ya ofu. Ofisi ingepata zaidi kama ningechukua ile ya Mwanakwerekwe maana kodi yake ilikuwa kubwa na wao wanakula kodi ya mwezi mmoja, na bado akanishauri Jambiani. Hilo nimelithamini sana.

Maji pia alinieleza mapema. Ule upande wa mashariki ni mawe matupu, visima vingi maji yake yana chumvi, na nyumba niliyopata ni hivyo hivyo. Alienda mwenyewe akafungua bomba akaonja, akaniambia haya ni ya kuoga na kufua, ya kunywa na ya chai utanunua kwa dumu, weka kwenye bajeti. Dalali gani wa kawaida atakwambia hivyo kabla hujalipa? Na umeme akanionyesha mita ya tukuza (ile ya kulipia umeme kabla) kama haina deni la mpangaji aliyetoka, na jinsi ya kununua kwa simu.

Kodi mwenye nyumba alitaka ya mwaka mzima mbele, wengi huku wanataka hivyo, wao wakaongea naye akakubali miezi sita.

Lakini kitu ambacho hata ningeambiwa nilipe tena ningelipa ni kupelekwa kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa. Huku kila shehia ina sheha wake na mgeni akihamia lazima ajulikane kwake, na mambo mengi utakayofuatilia baadaye utaulizwa barua ya sheha. Sasa wewe umetoka Kenya humjui mtu, ukienda peke yako unaanza kujieleza wewe nani umetumwa na nani. Yule kijana alinipeleka, tukamwamkia mzee shikamoo, tukakaa barazani, hakukimbilia makaratasi, waliongea kwanza habari za watu wao huko alafu ndio akasema huyu mgeni wetu yuko hoteli Paje na anakaa kwa bi fulani. Mzee akaniangalia akasema karibu, ukiwa na shida njoo. Kutoka hapo mtaa mzima walinijua. Bi mwenye nyumba mwenyewe ni mkulima wa mwani, maji yakitoka anashuka pwani na wenzake, jioni ananiita mwanangu njoo ule. Yeye ndiye aliyenifunza nivae vipi nikipita kijijini na kwamba Ramadhani mchana hata sisi tusio Waislamu hatuli hadharani. Mtu akikuambia mapema unaishi na watu vizuri.

Sasa kibali. Hapa nimeudhika na naomba msome polepole kama mnapanga kuja.

Sisi Wakenya tunaingia bila viza, sawa, lakini kuingia si kufanya kazi. Kazi inataka vitu viwili: kibali cha kazi, ambacho kinatoka Zanzibar yenyewe kwa sababu mambo ya kazi si ya Muungano wa Tanzania, Zanzibar inajiamulia, na kibali cha ukaazi daraja B, hicho ni cha Uhamiaji ambayo ni ya Muungano. Na anayeomba ni mwajiri, ndiye anayeeleza kwa nini anakuhitaji wewe na si mtu wa hapa. Mtu wa katikati hana cha kufanya hapo zaidi ya kubeba bahasha. Ofisi hii ilinitoza ada ya "kushughulikia kibali" kabla sijavuka Lunga Lunga, nilipofika dada wa rasilimali watu pale hotelini akanionyesha faili langu, walishaanza kila kitu wenyewe na gharama analipa mwajiri. Nikawauliza ofisi nyinyi mmefanya nini, jibu likawa "tunafuatilia". Nusu wamerudisha, nusu bado.

Tena ada yenyewe walinitajia kwa dola. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni, huduma ya Unguja bei yake iwe shilingi. Niliposema hivyo ndio wakaandika risiti upya.

Jambo jingine wangeniambia lakini hawakuniambia ni masika. Aprili na Mei mvua ni nyingi, wageni wanapungua, kuna hoteli zinafunga kabisa na wafanyakazi wanaenda nyumbani, wengine bila mshahara. Ofisi walikuwa na kopi ya mkataba wangu na wako hapa kila mwaka wanajua. Ukipata ofa uliza hoteli kwa maandishi: mkifunga, mimi nalipwa? Na ile kodi ya miezi sita uipange ukijua hiyo miezi iko.

Gari ya kunipokea bandarini ilikuwepo, dereva mstaarabu, mizigo yote ilifika.

Dadangu anakuja kufanya kazi ya saluni Nungwi, nimemwambia awatumie hao hao lakini kwa nyumba na sheha peke yake, amtaje kijana yule yule, alipe kwa shilingi, na mwenye saluni amtumie kwanza picha ya maombi ya kibali kabla hajakata tiketi ya basi.