Vishali vinne vya flaneli na kimoja cha mtumba: kipi kilinifaa na kipi kilinitoa jasho

Nilijifungua Januari, na anayeijua Tanga anaijua Januari yake. Kaskazi linavuma lakini halipozi kitu, nyuzi 32, usiku unageuza mto upande wa pili unakuta nao umeshalowa. Mimi na akili zangu nilikuwa nimeshanunua vishali vinne vya flaneli, vile vya mraba vya kumpokelea mtoto akizaliwa. Shilingi 22,000 kwa vinne, duka la vitu vya watoto Ngamiani. Nilikuwa nimeangalia sana simu, nikaona watoto wa watu wamefungwa kama sambusa, wametulia, nikasema na wangu atafungwa.

Mama alikuja kukaa nami zile siku arobaini. Siku ya pili akanikuta nimemkunja mtoto pembe hii na pembe ile, kimebaki kichwa tu.

"Mwanangu, unamlea au unamfukiza?"

Sijajibu, ameshamfungua. Shingo yote vipele vya joto. Akamtandikia khanga kuukuu moja, mtoto akanyoosha miguu, akalala. Basi kama unataka alama ya kumfungia mtoto kwa flaneli Tanga wakati wa kaskazi, mimi natoa sifuri. Na hata kwa wenye hali ya hewa ya baridi, wauguzi wanasisitiza miguu isibanwe, iachwe ijikunje kama chura, kwa ajili ya nyonga, na mtoto akianza kujaribu kujipindua kufungwa kunakwisha.

Lakini mtoto sasa ana miaka miwili na vile vishali bado vinafanya kazi nyumbani kwangu, kasoro kimoja. Ndiyo maana naandika.

Hicho kimoja kwanza. Muuza duka aliapa vyote ni pamba tupu. Nyumbani nikachomoa nyuzi mbili tatu pembeni mwa kila kimoja nikaziwasha kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, inabaki jivu ukilishika linapukutika. Vitatu vilikuwa hivyo. Cha nne, chenye picha za dubu, ndicho kizuri kuliko vyote kwa macho, kiliyeyuka kikaacha kidonge cheusi kigumu kama mbegu ya papai. Hiyo ni poliesta. Mtoto akicheua, maziwa yanatiririka juu yake kama mvua kwenye jani la mgomba, yanaingia kifuani kwako. Nikakifanya tambara la kupigia deki, na huko nako hakinyonyi maji.

Jambo la pili: vinarudi, yaani vinapungua vikifuliwa. Vilikuwa sentimita 76 kila upande, baada ya kufuliwa mara ya kwanza nikapima nikapata 71. Ukikuta vya mita moja ongeza hela uvichukue, hivi vidogo mtoto wa miezi miwili anavizidi.

Jambo la tatu, manyoya. Flaneli mpya inatoa manyoya mepesi usiyoyaona mpaka umfumbue mtoto ngumi. Nilikuta vitonge vya bluu katikati ya vidole vyake, vingine kwenye mikunjo ya shingo, na ngumi hiyo hiyo ndiyo anayoinyonya. Ilibidi nivifue mara tatu kabla ya kumrudishia.

Mama ndiye aliyetoka na dawa. Alikwenda mitumbani akarudi na kishali cheupe chenye mistari ya pinki na buluu, shilingi 2,000. "Hiki kimeshafuliwa na wenyewe, hakina manyoya tena." Baadaye ndipo nikakitambua: ni vile vya hospitali za Marekani, vinavyouzwa na kampuni ya Medline. Ukitazama picha ya kichanga wa kule wa siku ya kwanza, mara nyingi ndicho alichofungiwa. Huenda kimepokea watoto wa watu kumi kabla ya kuvuka bahari. Tulikichemsha, tukakianika, tukakipiga pasi, na tangu siku hiyo sijawahi kuwa na kitambaa laini kuliko kile.

Pasi msiidharau. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, na funza wake wanaingia ngozini. Kila kinachomgusa mtoto kipite pasi, mpaka kwenye pindo.

Sasa matumizi. La kwanza ni begani, wakati wa kumcheusha. Watu watasema khanga inatosha. Khanga mpya ina wanga, maziwa yanateleza yanakwenda mgongoni. Flaneli ya pamba ina yale malaika yake, yanashika. Nilikuwa nakikunja mara mbili, nakilaza kuanzia titini mpaka mgongoni, nusu yote ya mwili.

La pili sikulitarajia, nalo ndilo lililonifanya nisivigawe. Mama alikuwa akimwogesha mtoto kikwetu: anakaa kwenye kigoda, ananyoosha miguu juu ya beseni, mtoto analazwa kwenye miundi kichwa kikielekea nyayoni. Yeye amelea wengi, mikono haitetemeki. Mimi zamu yangu ilipofika, sabuni, mafuta ya nazi ya tangu jana, mtoto anateleza kama changu. Nikalia. Mama akachukua kile cha mistari, akakilowesha maji ya uvuguvugu, akakitandika juu ya miguu yangu, akamlaza. Hakuteleza tena. Flaneli mbichi inamshika mtoto bila kumkwaruza, na ile pembe inayoning'inia unamfunikia tumbo asishtuke na maji. Tangu hapo nilimwogesha mwenyewe.

La tatu, bajaji. Kiti cha plastiki kilichoshinda juani hakikaliki hata na mtu mzima. Siku za kliniki nilikitandika kitini kwanza, tukifika nakiweka ndani ya mfuko wa kupimia, maana mfuko ule umepita watoto wote wa mtaa. Chanjo ya wiki ya sita nilimfutia machozi nacho, yake na yangu. Ila usimfunike uso kwa ajili ya jua. Hewa inabaki humo humo, inapata moto. Na usiku usimwachie kishali kitandani: madaktari wa watoto wanashauri mwaka wote wa kwanza pasiwe na blanketi lililolegea pale anapolala.

Kama nepi, hapana. Kinene mno, na masika ya Aprili kinakaa kambani siku mbili kinanuka uvundo. Melimeli au nepi za kawaida zinakauka mapema.

Halafu kuna kanzu. Kishali chekundu nilikiloweka Alhamisi jioni, na kwa uvivu nikakitia beseni moja na kanzu nyeupe ya mume wangu. Kiliwahi kufuliwa mara nne bila kuchuja, nikakiamini. Ijumaa asubuhi kanzu imekuwa rangi ya sharubati ya tikiti. Mume hakusema neno, akavaa ya zamani yenye kola iliyochakaa, akaenda msikitini. Mpaka leo hasemi.

Julai tulikwenda kwao Lushoto, mtoto ana miezi sita. Kutoka Mombo basi linapanda zile kona, unahisi hewa inabadilika kila kona, na mimi nimebeba doti mbili za khanga. Mama mkwe alitupokea akazishika khanga zangu kwa vidole viwili. "Hizi ndizo za kumfunikia mjukuu wangu huku?" Nikatoa vishali vyote vilivyobaki, nikampandishia mtoto kimoja juu ya kingine mgongoni ndani ya mbeleko. Kwa wiki ile moja, vilikuwa ndivyo kweli.

Ukiniuliza ununue ngapi, na unajifungua pwani kati ya Novemba na Machi, chukua viwili vya pamba, chenji ongezea doti. Mitumbani pita kwanza, na kiberiti mfukoni.

Viwili kati ya vile vitatu vya pamba vya dukani sasa nimevikunja pamoja, ndivyo ninavyopigia pasi sakafuni, na kanzu mpya inanyooka vizuri juu yake. Kile cha mistari wifi alikiomba mwezi uliopita, amejifungua. Nimempa, nikamwambia ni chako moja kwa moja. Kesho yake nikampigia simu kuuliza kama amekianua, maana wingu lilikuwa limetanda.