Darasa la jioni la masaa ya rubani msaidizi, uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi: linafaa sana

Kama uko na CPL (leseni ya rubani wa biashara) na unakaa kiti cha kulia, cha msaidizi, ukijaza logbuku (daftari la masaa ya kuruka) bila kujua masaa gani yatakusaidia kupata ATPL (leseni ya juu ya rubani wa mashirika ya ndege), enda hii darasa. Mwalimu ni kapteni mstaafu, anaeleza pole pole na hakasiriki ukiuliza mara ya pili.

Sehemu tamu ni ile ya Caravan, ndege ndogo ya Cessna. Hiyo ndege imeidhinishwa kurushwa na rubani mmoja, kwa hivyo chini ya kanuni za ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga) ikiwa ni serikali inadai muwe wawili, msaidizi anahesabiwa nusu tu ya masaa yake, isipokuwa mamlaka ikubali yote kwa sababu ndege ina vifaa vya msaidizi na mnafanya kazi kama timu. Dash 8, ndege kubwa zaidi, nayo lazima iwe na marubani wawili, so huko unahesabiwa yote. Watu walinyamaza hapo, wengi tunaenda Maasai Mara na Caravan!

Halafu yale masaa 1,500 ya ATPL si jumla tu, ndani yake kuna 250 za ukapteni, na unaweza kuwa na 70 ukiwa kapteni mwenyewe, na zile zingine ukifanya kazi ya kapteni huku kapteni wa ndege akikusimamia, na hiyo iandikwe vizuri kwa logbuku jamani.

Kasoro ni chumba, kidogo na joto, na notsi zimechapishwa vibaya. Masaa ya usiku aliyapitia haraka mno, ningependa aongeze muda hapo. Nyota nne.