Elite Dangerous: Taa nyekundu na kijani kwenye mlango wa stesheni (uzoefu wangu)

Kati ya yote yaliyomo katika Elite Dangerous, mchezo wa kompyuta wa kurusha vyombo vya anga, wa Frontier Developments ya Uingereza, uliotoka Desemba 2014, kitu kilichobuniwa vizuri kuliko vyote kwa maoni yangu ni mlango wa stesheni ya anga na taa zake mbili. Galaksi ina mifumo ya nyota bilioni 400, lakini rubani mgeni hupoteza chombo kwenye upenyo huo mmoja mwembamba, na sababu mara nyingi ni kwamba hakujua taa zinamwambia nini.

Kanuni ni fupi: kijani iwe kulia kwako. Unapoingia, kijani kulia na nyekundu kushoto. Unapotoka, vilevile.

Stesheni kubwa za Coriolis, Orbis na Ocellus zina mlango mmoja, mpana kuliko urefu wake wa kwenda juu, nao unazunguka pamoja na stesheni nzima. Taa zimewekwa kwenye ncha mbili za upana huo. Nusu iliyo upande wa kijani ni njia yako. Nusu ya upande wa nyekundu ni ya wanaotoka, ambao wakiwa ndani nao huiona kijani upande wao wa kulia. Kila mmoja akishika kulia, vyombo viwili vya wastani vinapishana bila kugusana. Ukiona kijani iko kushoto, hujakosea njia, umegeuka kichwa chini: bingirisha chombo nusu mzunguko mahali hapo ulipo. Wengi hukosea hapa kwa kusogea ubavuni badala ya kubingirika, wakaingia moja kwa moja mbele ya chombo kinachotoka.

Aliyezoea bahari ataitambua kanuni hii mara moja. Meli hubeba taa nyekundu kushoto na kijani kulia, na sheria za kimataifa za kuzuia kugongana baharini za mwaka 1972 zinaitaka meli iliyo katika mkondo mwembamba ishike upande wake wa kulia. Maboya nayo yanalingana: Afrika Mashariki, kama Ulaya, inafuata mfumo A wa IALA, shirika la kimataifa la alama za kuongoza meli, kwa hiyo meli inayoingia Kilindini au Dar es Salaam kutoka bahari kuu huacha maboya mekundu kushoto na ya kijani kulia. Huko Marekani rangi za maboya ni kinyume, na nadhani ndiyo maana baadhi ya wachezaji wa huko huchanganyikiwa mwanzoni. Tofauti moja tu imkae akilini nahodha: boya halibadiliki rangi unapotoka bandarini, hivyo meli inayotoka huliona jekundu kulia kwake. Katika mchezo, taa za ndani zimepangwa kwa ajili ya anayetoka. Usizigeuze kichwani.

Sasa utaratibu wenyewe. Karibia hadi chini ya kilomita 7.5, ukiomba ruhusa ukiwa mbali zaidi utakataliwa. Fungua paneli ya kushoto, nenda kwenye orodha ya mawasiliano, chagua stesheni, omba kufunga gati. Ukikubaliwa unapewa namba ya jukwaa na dakika 10 za kutua. Kabla ya kusogea, tafuta mlango uko upande gani: kwa kawaida unaelekea sayari ambayo stesheni inaizunguka, kwa hiyo njia rahisi ni kujiweka kati ya sayari na stesheni. Simama mbele yake, mbali kiasi cha kuuona wote, na hapo ndipo unapopanga rangi. Kupanga rangi ukiwa tayari umefika kizingitini ni kuchelewa.

Kasi isizidi mita 100 kwa sekunde. Mwendo wenyewe hauadhibiwi, ila ukigongana na mtu ukiwa juu ya hapo kosa linahesabiwa lako. Kwa chombo kikubwa kama Type-9 Heavy napendekeza nusu ya kasi hiyo, kwa sababu kina kimo kirefu na nafasi inayobaki juu na chini ni ndogo. Mlango ukiwa umelala hata kidogo tofauti na mabawa yako, utakwaruza. Elekeza nguvu zaidi kwenye ngao, usiguse kabisa kitufe cha msukumo wa ghafla, na usisimame mlangoni. Stesheni humfyatulia risasi anayeziba njia.

Ukishapita, chaguo liitwalo Rotational Correction likiwa limewashwa, chombo kitafuata mzunguko wa stesheni chenyewe. Na hapa taa zinalipa mara ya pili. Majukwaa ni 45, na ukiwa umeingia na kijani kulia, namba 1 hadi 4 ziko chini yako kabisa. Kutoka hapo zinapanda kwa kufuata mwendo wa mshale wa saa: 11 hadi 15 kushoto kwako, 24 na 25 juu kabisa, 35 hadi 38 kulia. Aliyeingia kichwa chini anakuta kila kitu kinyume na hupoteza muda akizunguka katikati huku wengine wakija nyuma yake. Shusha miguu ya kutua kwa kitufe cha L, elekeza pua ndani, mbali na mlango, na ushuke taratibu hadi alama ya chombo kwenye kioo igeuke buluu.

Lawama yangu ni moja, nayo ni nzito. Mchezo hauadhibu anayepita upande wa nyekundu. Kanuni nzuri hivi imeachwa kuwa adabu tu, na saa za msongamano utakutana na wasioijali. Asiyetofautisha nyekundu na kijani naye anabaki na kazi ngumu, maana rangi ndiyo ishara kuu. Mpangilio wa namba za majukwaa humsaidia, lakini akiwa tayari ndani.

Kwenye vituo vidogo vya nje na meli za kubebea vyombo zilizoongezwa mwaka 2020, haya hayakuhusu: majukwaa yako nje na hakuna mlango. Ila kumbuka kwamba vituo hivyo vidogo havina jukwaa kubwa, kwa hiyo Type-9 haitui hapo.

Kompyuta ya kufunga gati inafanya yote haya ukipunguza kasi hadi sifuri baada ya ruhusa. Inafaa kwa wabeba mizigo, ingawa mlango ukijaa huwa inasita na kurudi nyuma. Ikifanya hivyo dakika zikiwa zinayoyoma, ongeza kasi kidogo nayo itakuachia usukani, kisha tafuta kijani.