Composer ya SeaMonkey imeokoa daftari langu

Maelezo yangu yote ni faili za HTML (kurasa kama za wavuti) kwenye folda moja, zimeunganishwa kwa viungo. Programu niliyotumia awali iliandika njia nzima ya faili katika kila kiungo. Siku nilipohamishia folda kwenye diski nyingine, viungo vyote vilikufa. Iliniuma sana.

Composer, programu ya kuandika kurasa za wavuti inayokuja bure ndani ya SeaMonkey, kifurushi cha programu za intaneti, ina kisanduku kwenye dirisha la kiungo: ukikitia alama, anwani inahesabiwa kuanzia mahali ukurasa ulipo, si njia nzima, hivyo folda ikihama viungo havifi. Kwangu hilo peke yake linatosha! Naandika kama naandika barua, nikitaka kuona msimbo nabofya kichupo chini. Na kivinjari kimo humohumo, kwa hiyo najaribu viungo papo hapo.