Ziara ya Kanisa la Wareno, Malindi: maoni ya Mkristo mkaazi

Wageni wengi wanaofika Malindi hupelekwa moja kwa moja kwenye Nguzo ya Vasco da Gama, yule baharia Mreno, wakapiga picha chini ya msalaba wake, kisha wakarejea hotelini bila kuingia katika Kanisa la Wareno, ambalo halipo mbali hata kwa miguu. Sehemu zote mbili ziko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kwa maoni yangu, Mkristo mwenye saa moja tu ya kutembea mjini aanzie kanisani, na nguzo, ambayo msalaba wake una nembo ya ufalme wa Ureno, aiache kwa siku nyingine.

Asitarajie mapambo. Ni jengo dogo la kuta nene lililoezekwa makuti, na nje yake yamo makaburi, mengine ya Wazungu wa enzi ya ukoloni. Ukiinama kusoma mawe utakuta herufi zilizoliwa na hewa ya chumvi, nyingine zisizotambulika tena hata kwa kupapasa kwa kidole.

Kinachoifanya ziara hii istahili ada yake ni habari za Francis Xavier, mmisionari Mkatoliki aliyepita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, India, akashuka kumzika mtu aliyefia safarini. Katika barua aliyoiandika mwaka huohuo, alisema kwamba Waislamu wa mji walipendezwa na jinsi Wakristo walivyomzika mwenzao.

Xavier hakuwa mtu aliyekosa njia nyingine maishani. Alizaliwa mwaka 1506 katika ngome ya ukoo wake huko Navarre, ambayo leo ni sehemu ya Uhispania, baba yake akiwa mkuu wa baraza la mfalme. Alisoma Paris, akapata shahada mwaka 1530, akafundisha falsafa ya Aristotle, huku akitumaini kupata cheo katika kanisa kuu la Pamplona. Ignatius Loyola, aliyeishi naye chumba kimoja na ambaye baadaye alianzisha shirika la Wajesuiti, ndiye aliyemkabili mara kwa mara na swali la Injili kuhusu mtu anayeupata ulimwengu wote akaipoteza nafsi yake, na mwaka 1534 Xavier akaweka nadhiri ya ufukara pamoja na wenzake. Alipopanda meli Lisbon mwaka 1541 alikuwa amekwisha kuteuliwa kuwa balozi wa Papa, lakini alikataa kupewa mtumishi. Alipoambiwa kwamba haimpasi mtu wa cheo chake kufua nguo mbele ya abiria, alishikilia kufua zake mwenyewe na kuwauguza wagonjwa melini. Elimu yake hakuitupa, kwani aliendelea kufundisha na kuandika barua mpaka alipofariki mwaka 1552 kwenye kisiwa cha Shangchuan, karibu na China. Alichokiacha ni kuifanya kipimo cha thamani yake mbele ya watu.

Nayasema haya kwa uchungu, maana siku hizi hata katika ibada za shukrani tunazoziandaa kwa ajili ya wahitimu, vyeo vya wageni waalikwa husomwa kimoja baada ya kingine mpaka mahubiri yakafupishwa, na kijana asiye na shahada akakaa nyuma kabisa, akidhani hana ushuhuda wa kuutoa. Ndiyo sababu ninawasihi wazazi na viongozi wa vijana wawalete hapa wale wanaosubiri matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, kabla matokeo hayajatoka, ili wajue kwamba Mungu aliwapenda kabla ya alama zao.

Mwongozaji aliyetupokea alikuwa mpole na mwenye ujuzi, alijibu maswali bila haraka, kisha akatuachia nafasi ya kusali kimya, jambo ninalolithamini kuliko maelezo yote. Hata hivyo, ni vizuri umwambie mwongozaji mapema kwamba unataka kusikia habari za Xavier, kwa kuwa wageni wengi huuliza zaidi kuhusu Vasco da Gama. Nendeni asubuhi, kabla jua halijawa kali, mvae mavazi ya staha, na mwende na Biblia. Sura ya tatu ya Waraka kwa Wafilipi, ambamo Paulo anazihesabu sifa zake za zamani kuwa hasara kwa ajili ya Kristo, yafaa isomwe humo kwa sauti. Kundi likiwa kubwa, ligawanyeni, wengine wakingoja nje kwa utulivu, kwa sababu nafasi ya ndani haitoshi.