Nimeipima jenereta ya umeme wa bure hapa Igombe, soma kabla hujatoa kianzio

Wadau wa Mwanza, Sengerema, Ukerewe na wote wa huku ziwani, naandika hii sababu tangazo linazunguka sana kwenye magrupu na kuna watu nawajua kabisa wameanza kuuza mbuzi ili wapate kianzio. Ni ile mashine wanayoiita jenereta isiyotumia mafuta, unaistua mara moja na betri alafu eti inajizungusha yenyewe miaka na miaka, inatoa kilovati 5, hamna petroli hamna LUKU. Bei niliyopewa mimi ni milioni 1 na laki 8 na nusu, unatanguliza nusu unasubiri itengenezwe. Jina la muuzaji siweki, hapa naongelea mashine tu na namba nilizozisoma kwenye mita.

Ilivyokuwa ni hivi, mama mdogo ana friza, anawauzia wavuvi wa dagaa barafu na maji ya baridi, na umeme ukikata usiku mpaka asubuhi huwa ni hasara moja kwa moja. Akaliona tangazo akanipigia, mimi kazi yangu ni umeme wa majumbani nafunga sola na waya huku Ilemela, nikamwambia usitoe hela, mwambie aje na mashine ifanye kazi na friza lako kuanzia jioni mpaka kunakucha, kukikucha inanguruma atalipwa yote taslimu. Muuzaji akakubali na akaja kweli na guta na kijana wake, hilo nampa heshima yake maana wengi ukiwaambia hivyo wanakata simu.

Mashine yenyewe kwa macho ni nzuri aisee. Fremu ya angle iron imechomelewa safi, kuna mota ya nguvu ya farasi moja, mkanda unaenda kwenye flaiwili (gurudumu zito) ya chuma kilo kama 30 upana nusu mita, alafu mkanda mwingine unaenda kwenye kichwa cha jenereta, ile sehemu inayotoa umeme. Ile flaiwili ukiisukuma kwa kidole inazunguka muda mrefu kimya haitikisiki, yani aliyeibalansi anajua kazi. Pembeni kuna boksi la bati limefungwa na riveti, akasema humo ndo kuna siri ya kampuni. Mama mdogo akaizunguka akauliza, "Mwanangu, sasa hii kitu mafuta inaweka wapi?" Kijana akacheka, mimi nikaona hilo ndo swali lenyewe la kuulizwa.

Akawasha, taa sita za LED zikawaka, akachomeka mita yake ikasoma voti 226, majirani wakaanza kupiga makofi. Hapa ndo watu wengi wanatoa hela. Ndugu zangu voti peke yake haikwambii kitu, hata inveta ndogo ya kwenye gari (kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani) inakupa voti 220, cha kuuliza ni wati ngapi na kwa muda gani, na taa sita za LED ni wati 40 tu.

Nikasema fungua boksi, akabisha kidogo, mwisho akafungua. Ndani kuna betri ya N100 (ile kubwa ya ampia-saa 100) na inveta ya wati 1500. Basi. Akasema hizo ni za kustulia tu, zikishastua mashine inajilisha yenyewe na kuichaji betri. Sawa, nikachomeka friza, nikaweka klampu mita (ile ya kubana waya inakusomea ampia) kwenye waya mnene wa betri na mita ya wati upande wa friza. Friza linakula wati 140. Betri inatoa ampia 52 kwa voti 12.1, zidisha hapo ni kama wati 630. Wati 630 zinaingia zinatoka 140, na hapo chaja yake ameshaichomeka kwenye betri tayari! Nyingine zote zimeishia kwenye joto la mota (gusa bodi yake uone), mikanda, beringi, upepo wa flaiwili na ile kelele. Ni kuchota maji ziwani kwa ndoo iliyotoboka alafu unajaza pipa la jirani, mkono unachoka pipa halijai.

Inveta ikaanza kulia piiip piiip ya betri kuisha hata masaa mawili hayajapita, friza likazima. Muuzaji akasema betri haikuwa imejaa, na mimi nilishaipima kabla hatujawasha ilikuwa voti 12.7, hiyo ni betri imejaa.

Sasa sikilizeni hili maana ndo lililonifanya niandike. Tulivyoichaji ile ile betri ikajaa tena, nikamwomba muuzaji tuitoe mota, tuitoe flaiwili, tutoe mikanda na kichwa cha jenereta, tubakize betri na inveta yake mwenyewe, friza lichomekwe moja kwa moja. Likaenda usiku mpaka karibu na alfajiri. Yani ile mashine yote, chuma chote kile cha karibu milioni 2, kazi yake ilikuwa ni kuimaliza betri haraka. Ukiitupa nje, betri ile ile inakupa muda mrefu mara kadhaa.

Watu wanauliza sana kuhusu flaiwili maana inaonekana ina nguvu kweli. Ina nguvu, ikikukamata mkono inaukata, lakini nguvu hiyo ni ile uliyoiweka wewe wakati wa kuizungusha. Piga hesabu, flaiwili ya kilo 30 upana nusu mita ikienda mizunguko 1450 kwa dakika imebeba wati-saa 3 tu. Tatu! Friza la wati 140 linazimaliza ndani ya dakika moja na robo hivi, na hapo hujatoa msuguano. Ndo maana tulivyochomoa waya wa betri katikati ya kazi kuiona inavyojilisha, taa zilififia muda huo huo, na baada ya muda mfupi mashine ikasimama.

Muuzaji ana karatasi ina picha ya Nikola Tesla, yule mvumbuzi wa zamani wa mambo ya umeme, anasema Tesla aligundua umeme wa bure wakaficha. Tesla namheshimu sana, mota za AC tunazofunga kila siku zimetokana na kazi yake, ila umeme wake uliofika mji wa Buffalo mwaka 1896 ulitoka maporomoko ya Niagara, maji yanaanguka yanazungusha mashine, haukutoka hewani. Akasema pia ina hataza (haki ya kumiliki uvumbuzi) Marekani. Ofisi ya hataza ya Marekani kwa kawaida haikudai ulete mfano unaofanya kazi, ila kwa mashine za kujizungusha milele wanaweza kukudai, na Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kiliacha kabisa kupokea maombi ya mashine hizi tangu 1775. Mwaka 1813 kule New York kuna jamaa anaitwa Charles Redheffer alikuwa anatoza watu kiingilio waone mashine yake inayojizungusha, fundi Robert Fulton akasikia mwendo wake haulingani, akabandua mbao, akakuta kamba imepita ukutani inaenda mpaka chumba cha juu ambako mzee mmoja amekaa anazungusha mpini kwa mkono. Hii ya Igombe badala ya mzee kuna betri.

Kuna kadada kake ka bei ndogo, kale kaboksi ka kuchomeka kwenye soketi eti kanapunguza uniti za LUKU nusu. Nimeshafungua, ndani kuna kataa ka LED na kapasita kadogo. Mita ya nyumbani inahesabu uniti ulizotumia kweli, kapasita haibadilishi hiyo hesabu. Usinunue.

Kinachoniuma ni hela za watu. Kwa bei ya uniti kama shilingi 350 hivi kodi ndani, hiyo milioni 1 na laki 8 na nusu ni uniti zaidi ya 5,000, friza la mama mdogo hata likila wati 140 bila kupumzika linakaa nazo zaidi ya miaka minne. Na wanaotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi wengi wapo kwenye ile bei ya shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, hao ndo kabisa. Na vijana wanaochomelea vile wangetengeneza mashine za kukoboa na kusaga, watu wangepanga foleni.

Mama mdogo mimi nilimfungia paneli ya wati 300, betri mbili na inveta, bei ilikuwa chini ya ile ya mashine. Huku kwetu jua tunalo mwaka mzima, paneli hiyo siku nzuri inakupa uniti moja na kitu, umeme ukikata friza linaendelea. Siku za mawingu mazito inapungua, nisiwadanganye, siku hizo anachaji kwa LUKU. Wavuvi wenyewe wengi wameshaacha karabai za mafuta ya taa wanavulia taa za sola, na hamna aliyeambiwa kwamba jua ni siri ya kampuni.

Mashine naipa nyota moja, na hiyo ni ya uchomeleaji. Nimesikia sasa wameongeza betri ya pili ndani ya boksi ili ikae muda mrefu kwenye maonyesho na bei imepanda, kwahiyo kupima saa moja mbili haitoshi tena. Wakija kwako mwambie muuzaji achomoe betri zote mzigo ukiwa umewashwa, au iendeshe friza usiku kucha na mchana wake, na klampu mita ikae kwenye waya wa betri muda wote. Akikataa kufungua boksi usitoe hata mia. Kama ulishatoa kianzio na una risiti au meseji za muamala zitunze, usizifute, nenda nazo polisi mapema kabla hajabadilisha laini.